Kidole Gumba Juu ya Vanishi

Jumatatu, 3 Juni

Limefika! Gitaa la Baba mkwe liko sebuleni kwangu. Mwenyewe kesho anatolewa mtoto wa jicho, na wiki hii atapumzika kwa Mwanyumba, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kwa kuwa kwao ni karibu na hospitali. Mgonjwa kwao, gitaa kwetu. Mgawanyo wa haki kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Vidole vya Baba mkwe vimekakamaa, hapigi tena. Jumapili atatangaza gitaa likae nyumba ipi moja kwa moja: kwangu au kwa Mwanyumba. Mwanyumba ni fundi lifti, mtu mtulivu, hajawahi kuharibu kitu. Mimi mwaka jana nilimfulia Baba mkwe kofia yake ya sufu kwa maji moto, ikatoka saizi ya mwanasesere. Tangu siku ile, nikishika hata kikombe chake, ananifuata kwa macho mpaka nikitue mezani. Nimechoka kutazamwa hivyo. Nalitaka gitaa hili kuliko ninavyotaka kupandishwa cheo.

Amesema lisitolewe kwenye kasha lake. Eti vanishi ni ya kizamani, laini, haitaki kuguswaguswa. Nimeitikia ndiyo Baba mara nne. Lakini mimi ni karani wa masjala! Miaka kumi na moja natunza mafaili ya watu. Kitu kizuri namna ile kifungiwe gizani kama mshtakiwa? Nimenunua stendi ya kuliegemezea. Mikono yake imevishwa mpira mnene, mwororo. Muuzaji ameapa kwamba gitaa halitapata hata mkwaruzo.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Asubuhi nilitaka kuliinua nifute vumbi. Likagoma. Nikavuta. Likaachia kwa sauti ya plasta ikibanduliwa kwenye kidonda. Pale lilipoegemea mpira pana mabaka mawili, yamefifia na yananata. Nimeyasugua kwa mkono wa shati. Sasa na shati lina baka.

Mchana, badala ya kula, nimekimbilia kwa fundi wa magitaa aliye nyuma ya posta. Nikamwambia ni gitaa la rafiki yangu wa ofisini. Akauliza kama huyo rafiki aliliegemeza kwenye mpira. Nikasema rafiki yangu ni mtu mwangalifu sana. Fundi akacheka mpaka akaweka patasi chini. Akanieleza kwamba vanishi ya aina ile haikauki sawasawa hata ikae miaka hamsini, na mpira ukiigusa siku moja mbili huila. Rafiki alete gitaa, kazi ni wiki tatu. Asilipake kitu. Wala mafuta, wala dawa ya samani, wala chochote. Hilo la chochote alilirudia, akinitazama mimi badala ya kumfikiria rafiki.

Wiki tatu! Nina siku nne.

Mke wangu ameuliza kwa nini gitaa limefunikwa shuka. Nimesema vumbi. Akauliza kwa nini natoka jasho. Nimesema vumbi.

Alhamisi, 6 Juni

Rafiki yangu hakusikia.

Nimewaza hivi: kinachonata ni uchafu wa mpira, na uchafu unaonata huondolewa kwa dawa kali. Mke wangu anayo dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Alipotoka tu kwenda kazini nikachovya pamba, nikapitisha mara moja, kwa adabu. Baka la kwanza likapotea! Nikashangilia peke yangu sebuleni. Kisha nikaona kwamba vanishi nayo inaondoka. Imelegea kama samli juani.

Nikaibonyeza kwa kidole gumba ili isitiririke. Kosa! Nilipoinua kidole, alama yake ilibaki pale, mistari yote wazi, safi kuliko ile ya kitambulisho changu. Tena ule upande wa gumba langu wenye kovu la mashine ya kutobolea karatasi, kovu nalo limetoka. Nimepuliza. Nimepepea kwa faili. Imekauka vilevile, pamoja na jina la mkosaji.

Nimeshindwa kula chakula cha jioni.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Alama ya kidole si lazima iwe ya mtu mmoja. Nimemwalika Mwanyumba apitie kwangu akitoka kazini. Dakika tano kabla hajafika nikalilainisha baka la pili kwa ile dawa. Yeye alishike gitaa, aache gumba lake. Jumapili tutakuwa wawili kizimbani.

Amefika. Nikamvisha kilemba cha ukoka: nani kama yeye kwa mikono mizuri, hebu alipime uzito. Akakataa. Alisema mikono yake ina grisi ya lifti, na kitu cha mzee hakishikwi ovyo. Nikamletea taulo. Akaifuta mikono vizuri, akashukuru, akaiweka mgongoni. Nikalisogeza gitaa mpaka karibu na tumbo lake. Akarudi nyuma. Nikasogea. Akarudi mpaka akafika ukutani, na hapo gitaa likaniteleza, nikalidaka.

Kwa gumba, palepale nilipolainisha. Sasa alama ziko mbili.

Alipoaga alisema yeye wala halitaki, kwao hakuna anayejua kupiga, angefurahi tukibaki nalo sisi. Mjanja yule! Sikumwamini hata kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Siku imefika na imepita.

Wamekuja wote saa nne. Baba mkwe jicho moja limefungwa bandeji, la pili ni lile lisiloona vizuri siku zote. Moyo uliniruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikafunga mapazia, nikisema mwanga si mzuri kwa mgonjwa. Nikampa gitaa kwa heshima zote.

Hakulitazama. Alilipapasa. Vidole vikapita taratibu shingoni, vikashuka mwilini, vikafika mahali vikasimama. Nikajisikia nasema kwamba Ijumaa Mwanyumba alikuwa hapa. Mwanyumba akaiangalia mikono yake miwili.

Baba mkwe akaomba mkono wangu. Nikampa wa kushoto. Akaomba ule mwingine. Akalichukua gumba langu, akaliweka juu ya alama, likaingia sawasawa. Akalihamishia kwenye ya pili. Hapo nikayatapika yote kwa pumzi moja: stendi, mpira, dawa ya kucha, mpaka yule rafiki wa ofisini.

Nilingoja radi. Mzee akaligeuza gitaa, akaniongoza kidole mpaka kwenye mkwaruzo mrefu wa mgongoni. Akasema ule ni wa kifungo cha gauni la Mama mkwe. Marehemu alikuwa akilichukua kwa siri mzee akiwa kazini, akajifunza peke yake, kisha akilirudisha kwenye kasha. Mzee alijua siku zote. Alijifanya hajui, ili asimharibie raha. Sasa ni miaka mitatu hayupo, na mkwaruzo ule anaugusa kila siku. Vanishi aliilinda kwa sababu hiyo, yeye wala hajali kung'aa. Fundi asiguse kitu, na alama zangu ziachwe pia.

Akasema kilichomuuma ni mimi kutaka kumbebesha Mwanyumba. Hilo lilinichoma. Nikamwomba Mwanyumba radhi mbele ya wote, nikalia, na sikuona aibu ya kulia.

Kisha mzee akatangaza gitaa linabaki nyumba hii. Nikainuka kushukuru. Akaniambia nikae. Akamkabidhi mke wangu, naye akalipakata, akapiga wimbo mzima bila kukosea. Marehemu mama yake alimfundisha. Miaka minane ya ndoa sikujua! Mimi nimepewa sharti moja, na Mwanyumba ni shahidi: nisiliguse gitaa kwa mkono, kwa kitambaa, wala kwa nia njema.

Nimeapa. Nimekuwa mtu mpya.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu yuko kazini. Gitaa amelilaza kitandani juu ya blanketi la pamba, kasha kaliacha wazi lipate hewa. Sijaligusa gitaa. Hata chumbani siingii bila kunyoosha mikono juu.

Ila kasha! Ngozi yake imechubuka pembeni, inatia aibu, mtu atadhani hatulithamini. Nimelikumbuka sharti neno kwa neno. Mkono, kitambaa, nia njema: vyote vilihusu gitaa. Kuhusu kasha hakuna aliyetamka kitu, na Mwanyumba ni shahidi. Ninalo kopo la dawa nyeusi ya viatu, ile ya mafuta mengi, na jioni mke wangu atakuta kitu cha kumfurahisha.

Kopo nimeshalifungua. Nikiangalia vizuri, kitambaa cha ndani, pale gitaa linapolala, nacho kimepauka. Nitaanzia ndani.