Jogoo wa Ngao

Absalom aliona lango la Mama Dolphine kule Milimani likipakwa rangi za bendera, akajua riziki imeiva. Mtu anayevalisha lango bendera hawezi kukataa kufuga taifa lenyewe.

Akakimbia mtaa wa Obunga kwa mama mkwe, ambako mkewe Atieno alikuwa amerudi kwa hasira, akaomba jogoo mweupe.

"Wa kupigwa picha tu, Mama. Jioni namrudisha."

"Jogoo asiporudi," mama mkwe alimwambia, "Atieno naye harudi."

Absalom akamfunga jogoo shoka dogo mguuni, akapanda Milimani.

"Mama, huyu si kuku," alisema sebuleni. "Ni kitukuu wa yule anayeshika shoka kwenye ngao ya taifa la Kenya. Hata shoka ameachiwa na babu."

Dolphine akavaa miwani. "Na wale simba wawili?"

"Simba wanakula sana. Nimekuletea wa gharama ndogo."

"Anawika kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Wa taifa hana kabila."

Dolphine akacheka mpaka miwani ikateleza. "Bei tutaongea, Baba. Lakini kwangu mgeni haongei biashara na njaa. Jogoo apelekwe nyuma anywe maji."

Ugali ukaja, na mchuzi wa kuku. Absalom akapewa firigisi, heshima ya mgeni mkubwa, akaitafuna akiwa amefumba macho. Aliponawa, akakohoa kibiashara.

"Sasa turudi kwa jogoo."

"Turudi wapi? Umemla."

Absalom akaruka. "Mama! Umechinja jogoo wa taifa?"

"Mimi nimepika tu. Aliyekula firigisi ya serikali ni wewe. Twende polisi tukaripoti? Ama alikuwa kuku wa kawaida, na wewe mwongo wa kawaida?"

Absalom akatazama mifupa. Mifupa haikumtetea.

"Wa kawaida," akanong'ona.

"Basi umeshiba bure. Sema asante."

"Asante, Mama."

Langoni Dolphine akamkabidhi shoka. "La babu yake. Butu kabisa, limetusumbua sana shingoni."

Obunga, mama mkwe alimwona akija polepole, shingo mbele, shoka amelikumbatia kifuani, jogoo haonekani.

"Atieno!" aliita. "Njoo uone ngao ya taifa inakuja kwa miguu. Ukishaiona, funga mlango."