Miwani Iliyogoma Kuvulika Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeaibika. Tena si mbele ya majirani, ukweni! Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wifi yangu, maana yule ataongeza chumvi mpaka mchuzi usilike.

Mnajua naendesha baiskeli za mashindano. Baba mkwe hataki. Anasema mke wa mtu kuinamia usukani mbele za watu si adabu. Mume wangu Masanja akambembeleza hadi mzee akakubali kuja Buseresere leo, aone mwenyewe, aamue. Akisema basi, baiskeli inauzwa.

Sasa adui yangu ni vumbi. Barabara zetu mnazijua. Mashindano yaliyopita nilimaliza macho mekundu kama mpika gongo. Nikasema safari hii navaa miwani ya michezo kama wenzangu. Nimezunguka Geita mjini, nimezunguka Katoro, kila nikiijaribu inashuka mashavuni. Nina uso mdogo. Sikuuomba, nimepewa. Waliotengeneza hizo miwani nadhani walipima uso wa ng'ombe, wakaandika "saizi ya wote". Hongereni sana! Iliyonikaa ni ya watoto. Ya pinki, ina masikio ya paka. (Mke wa mtu, ukweni, na masikio ya paka. Adabu tele.)

Asubuhi nikamwendea muuzaji wa hapa sokoni, nikajaribu nyeusi ya watu wazima.

"Kaka, hii nayo inateleza."

"Miwani haina tatizo, dada. Uso wako ndio haujajaa. Kula, kula."

Asante, daktari. Nikaichukua hivyohivyo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, nikaondoka natafuna bigijii kwa hasira. Hapo ndipo akili ikanijia. (Akili gani, Mungu anajua.) Nikaitoa mdomoni, nikaibandika kwenye fremu, pale juu ya pua na kwenye nyusi, nikaikandamiza usoni. Nikatikisa kichwa. Haisogei! Nikajiona mhandisi.

Na kweli, mbio zilikwenda vizuri. Malori yametutimulia vumbi, wenzangu wanapikicha macho, mimi napita tu. Jua linawaka kama limetumwa. Nimemaliza wa pili, jamani! Wa pili!

Masanja akanipokea na kitenge, nikajifunga haraka juu ya kaptura. "Njoo umsalimie mzee. Amefurahi."

Kwetu mkwe unampigia goti, na macho yako ayaone. Kumsalimia na miwani nyeusi usoni ni sawa na kumtukana. Nikapiga goti, nikashika miwani niivue. Haivuliki. Nikavuta. Ngozi ikaja nayo, nikaachia. Bigijii ilikuwa imeyeyuka kwa jua, imeingia kwenye nyusi, imehamia.

"Shikamoo, baba."

Badala ya marahaba, mzee akaninyooshea fimbo yake.

"Vua hiyo kitu nikuone macho."

"Siwezi, baba."

"Huwezi?"

"Inauma, baba."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Mzee akageuka polepole kumtazama mwanawe.

"Masanja! Umempiga mtoto wa watu?"

"Mimi? Baba, hapana!"

"Anaficha nini? Umemvimbisha macho, ukamvalisha miwani, halafu unaniita mimi nije kuangalia baiskeli!"

Fimbo ikapanda juu. Watu wakasogea, simu zikatoka mifukoni. Mama mmoja nisiyemjua hata kwa sura akadakia, "Sema tu, mdogo wangu, usimfichie huyo!" Maskini Masanja, mtu anayefukuza kuku kwa kuwabembeleza, akarudi kinyumenyume akakalia ndoo ya maji ya washindani.

"Ni bigijii!" nikapiga kelele. "Baba, ni bigijii!"

"Ndiyo nani huyo?"

Nikaeleza palepale, bado nimepiga goti, umati mzima unasikiliza. Wifi yangu (mkarimu kama kawaida yake) akakimbilia kwa mkaanga samaki, akarudi na mafuta. Akanipaka. Mtu mwenye huruma angesubiri yalainishe. Yeye akavuta.

Nyusi za kushoto zikaondoka zote. Nilichosema wakati huo hakiandikiki.

Mzee akainama, akanikagua jicho moja, la pili. Hakuna jeraha, ni upara tu. Akaitazama miwani, imeota manyoya. Mabega yakaanza kumtikisika. Huyu mzee tangu niolewe sijawahi kuona meno yake, leo nimeyaona mpaka magego!

"Ng'wanone," akasema akifuta machozi, "mwanangu, mtu anayekubali kunyofolewa uso kwa ajili ya baiskeli, mimi nitamzuia na nini? Endesha gete, endesha kabisa."

Kwa hiyo ruhusa ninayo. Nyusi ninazo za upande mmoja. Atakayecheka, Jumapili nitakaa benchi la mbele yake kanisani, nimgeukie ibada nzima kwa upande wa kushoto.