Mwonja Bia Asiyekunywa

Spika alisoma gazeti kama alivyokuwa akiita kesi mahakamani kabla ya kustaafu, kwa sauti ya kumfikia hata mshtakiwa aliyekimbia. Mchana ule aliweka mguu mmoja juu ya benchi la fundi viatu, akafungua ukurasa wa burudani. Kalamu, aliyekaa mwisho wa benchi, akatamani ardhi ipasuke immeze.

“‘Nimeionja Bia Nyeusi ya Kibelgiji’,” Spika akanguruma. “‘Na mwandishi wetu.’ Picha yake hii hapa, kacheka meno yote nje utadhani kapata urithi.”

“Nani huyo?” akauliza Mwalimu wa Kwaya, na alikuwa anamjua fika.

“Si huyu hapa anayejifanya anafunga kamba za viatu! Tena kavaa ndala.”

Kiraka, fundi viatu mwenye benchi lake, akaacha kushona. “Kalamu, wewe si hunywi?”

“Sinywi.”

“Kwenye harusi ya dada yako ulishika soda mpaka ikachemka mkononi. Sasa hii umeionjaje?”

“Niliisoma.”

“Uliisoma?”

“Karatasi ya kwenye chupa. Mengine nikayatoa kwenye simu. Mengine...” Kalamu akainamia ndala zake. “Mengine nikabuni.”

Kicheko kilichofuata kiliamsha paka aliyelala juu ya soli kuukuu. Spika akajipangusa machozi kwa ukurasa wa michezo.

“Watu wanaonja kwa ulimi, huyu anaonja kwa miwani!”

“Cheka tu, kaka. Mhariri aliniletea chupa mezani. Ningemwambia sinywi, safu angepewa yule wa michezo.”

“Na chupa yenyewe iko wapi?”

“Kaniletea mimi,” Kiraka akasema. “Iko chini ya meza, pamoja na gundi. Naiheshimu.”

“Lakini hilo dogo,” Kalamu akasema. “Jumamosi wazee wangu wanakwenda kuniposea. Na baba wa mchumba wangu ndiye mwenyekiti wa Chama cha Kupinga Ulevi. Nilimwapia kwamba sijawahi kugusa pombe.”

“Si kweli hujagusa?”

“Kweli. Ila gazetini nimeandika nimegusa.”

Spika akashusha mguu. “Ngoja nikuelewe. Ukisema ulikunywa, huna mke. Ukisema hukunywa, huna safu. Ndugu yangu, umejifunga mabao mawili kwa mpira mmoja!”

Kalamu hakucheka. Alimpenda yule binti kwa dhati, na safu aliipenda pia, ingawa aibu ilimzuia kusema ni kwa kiasi gani.

“Basi tuione hiyo kweli,” Kiraka akasema, akaitoa chupa. Ilikuwa kubwa, shingo nene, kizibo kikalia kama mlango uliopigwa teke. Bia ikashuka kwenye vikombe vya bati, nyeusi, povu lake rangi ya chai ya maziwa. “Soma, Spika. Tunalinganisha.”

“‘Ni nyepesi, inateleza kooni kama maji ya kisima.’”

Kiraka akapiga funda. Akafumba jicho moja. Akafumba na la pili.

“Kisima gani hicho? Kilichotumbukia ng’ombe? Hii haitelezi, bwana. Hii inaingia, inavuta kiti, inakaa.”

“‘Haina makali hata kidogo,’” Spika akaendelea, akanywa kwa kujiamini. Kisha akatafuta benchi kwa mkono na kukaa taratibu. “Haina makali! Mbona masikio yamepata moto?”

Mwalimu wa Kwaya alikuwa ameangalia pembeni. “Mimi hayo siyagusi. Nina mazoezi jioni.”

“Karatasi inasema imepikwa kwa mtindo wa watawa, Mwalimu,” Kiraka akasema, akiigeuza chupa.

“Watawa wenyewe?”

“Mtindo wao.”

“Mtindo unatosha,” Mwalimu akasema, akasogeza kikombe. Alinywa, akatulia kama anayesubiri kinanda. “Zabibu kavu. Sukari iliyoungulia sufuriani. Karafuu kwa mbali. Jamani, hii ni sauti ya besi tupu. Inaanza chini na haina mpango wa kupanda.” Akasogeza kikombe tena. “Nihakikishe.”

“Sikilizeni hapa,” Spika akasema. “‘Ilazwe kwenye barafu mpaka chupa itoe jasho. Kisha itikiswe vizuri ili ladha iamke.’”

“Itikiswe?” Kiraka akaangua kicheko. “Umeandikia bia au dawa ya kikohozi? Mbona hukusema vijiko vingapi kwa siku?”

“Niliona kuna tope limekaa chini ya chupa,” Kalamu akajitetea. “Nikadhani linachanganywa.”

“Hata mimi sijui,” Kiraka akasema, “lakini mimi sikuandika gazetini.”

Hapo ndipo Kalamu alipomwona mzee anakata kona, kanyooka kama rula, gazeti kwapani.

“Mkwe!”

Vikombe vilikauka kabla neno halijaisha. Kiraka akaiziba chupa kwa kipande cha ngozi, akaidumbukiza kwenye buti la karibu. Mwalimu akaanza kuimba kwa pua.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.” Mwenyekiti alilifungua gazeti pale pale. “Nimesoma safu yako. Uliniambia hujawahi kugusa pombe.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na humu umemaliza chupa nzima ukatamani nyingine.”

Kalamu aliwatazama wenzake. Spika alikuwa anakagua mawingu. Mwandishi akaona safu inakwenda, inakwenda, imekwenda.

“Sikunywa, Baba. Hata tone. Niliwadanganya wasomaji.”

“Najua,” mzee akasema. “Umeandika ilazwe kwenye barafu! Bia kama ile ukiifanyia hivyo, unakunywa baridi tu, ladha yote kwisha. Na itikiswe! Itikiswe!” Sauti ilimpanda kwa uchungu. “Chachu imetulia chini kwa adabu zake, wewe unaitikisa! Inamiminwa pole pole, chombo kimeinama, na lile tope unaliacha. Umepotosha umma!”

Mwalimu akasahau kuimba.

“Samahani, Mzee,” Spika akasema kwa unyenyekevu wote wa mahakamani. “Haya uliyajulia wapi?”

Mwenyekiti akakohoa. “Kwenye semina.”

Hakuna aliyethubutu kuuliza semina gani. Mzee akamgeukia Kalamu.

“Nilikuwa na hofu binti yangu anaolewa na mlevi. Kumbe ni mwongo. Mlevi tungemwombea akaacha. Wewe unalipwa kuendelea. Haya, Jumamosi wazee wako waje. Na safu ijayo, kabla hujaipeleka kwa mhariri, niletee niipitie.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na chupa uje nayo. Nihakikishe hujaigusa.”

“Ndiyo, Baba.”

“Fundi, mabuti yangu tayari?”

Rangi ilimtoka Kiraka. Mabuti ya Mwenyekiti yalikuwa pale mezani, yote mawili, na mzee alishanyoosha mkono kwenye la kulia. Akalinyanyua. Akasita, maana lilikuwa zito. Akachungulia ndani, pua ikachelewa kidogo kutoka. Kalamu akafumba macho, akaiaga harusi.

“Kazi nzuri, fundi,” Mwenyekiti akasema.

Akalikumbatia buti kifuani kwa mikono miwili, wima, akaondoka polepole huku akikwepa kila shimo la barabarani.

“Asiyekunywa angelining’iniza kwa kidole,” Kiraka akanong’ona.

“Hajalitikisa hata kidogo,” Mwalimu akasema, kwa heshima kabisa.

Kalamu alifumbua macho. Mezani kulikuwa kumebaki buti moja, limepakwa rangi likameremeta.

“Kasahau la kushoto! Nimkimbilie?”

“Kaa chini,” Spika akasema. “La kushoto halina kitu.”