Dawa ya Kurudisha Fizi

Shikanga hakuwa daktari wa meno, lakini alikuwa na koti jeupe, na pale sokoni Kakamega hilo lilitosha. Wazo lilimjia Jumatatu akinunua ndizi kwa Mama Awinja. Alimtania, mama akacheka, kisha upesi akaziba kinywa kwa kiganja.

"Mbona unaficha, mama?"

"Fizi zimekimbia, kijana wangu. Meno yamebaki marefu kama ya punda. Hata maji baridi yananichoma."

Mtu mwingine angempa pole. Shikanga aliangaza soko zima akijiuliza ni wangapi humo waliokuwa wakicheka nyuma ya viganja.

Kufikia Jumatano alikuwa na meza, kipaza sauti na vikopo vya Rudisha Fizi, yaani majivu, mafuta ya kupikia na peremende zilizosagwa.

"Wapendwa!" alinguruma. "Paka asubuhi, paka jioni, na Jumapili utacheka kanisani mpaka pasta asahau mahubiri!"

Watu walinunua. Mkulima wa miwa kutoka Navakholo, mwenye jino moja tu, alitaka vikopo vitatu. Shikanga, ambaye naye alikuwa na dhamiri yake, alimshauri achukue viwili.

Ndipo akaja mwanamke wa miwani na mkoba wa ngozi, akajitambulisha kwa jina la Nekesa.

"Wewe mwenyewe unaitumianga hii?"

"Kila siku, dada!"

"Basi nionyeshe."

Shikanga akapanua kinywa kwa madaha. Nekesa akammulika kwa tochi ya simu. Tabasamu likamtoweka Nekesa. Akamvuta kando.

"Sitaki kukuaibisha mbele ya wateja. Nimefanya kazi kliniki ya meno miaka tisa. Fizi zako zimerudi nyuma vibaya. Unapiga mswaki kama mtu anayesugua sufuria, sivyo? Na ukipiga, damu hutoka?"

Shikanga akaitikia kwa kichwa. Damu ilikuwa ikitoka tangu Krismasi.

"Hebu sukuma hilo jino la mbele kwa ulimi."

Akasukuma. Jino likacheza. Moyo nao ukacheza.

"Kuna mtaalamu amekuja leo tu," Nekesa akanong'ona. "Jengo lile la buluu, ghorofa ya pili. Anaondoka saa nane. Kimbia!"

"Na meza yangu?"

"Nitaiangalia mimi. Sisi watu wa afya tunasaidiana."

Akakimbia, koti likipepea. Ghorofa ya pili alikuta wanawake sita wakifundishwa kushona sare za kwaya. Akarudi mbio zaidi. Meza haikuwepo. Kipaza sauti hakikuwepo. Mfuko wa mauzo, usiulize.

"Unamtafuta msaidizi wako?" Mama Awinja akamuuliza. "Ameuza vikopo vyote kwa nusu bei, akapakia meza kwa boda, akaenda. Lakini yule anajua kuuza, bana. Anakushinda."

Hasira ilimkaa Shikanga mpaka jioni. Kilichobaki baadaye kilikuwa lile jino. Kila alipomeza mate, ulimi ulikwenda kulisukuma, nalo likacheza. Asubuhi akachukua noti alizokuwa ameficha kwenye soksi, akaenda kliniki ya kweli.

Daktari Kemunto alimlaza kitini, akamwekea vyuma kinywani.

"Kama kuna aliyekuambia uje, amekuokoa," alisema. "Ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, umejaa chini ya fizi. Nitausafisha, jino litatulia. Ununue mswaki laini, upige polepole. Lakini ufizi ukisharudi nyuma hauoti tena. Pale palipozidi, huwa tunakata kinyama cha kaakaa na kukishona hapo."

Shikanga akatoa macho.

"Kuna mjinga fulani alikuwa sokoni akiuza majivu eti yanarudisha fizi," daktari akaendelea, akikwangua. "Tangu jana nimetibu watu wanne waliochubuka vinywa. Wewe hukununua kwake, natumaini?"

Shikanga, kinywa wazi, vyuma viwili na mpira wa kunyonya mate ndani, akajibu kwa ukweli mtupu:

"A-aa."