Naomba Gari Letu Livuje Tena

Skuta, Nyeri
14 Juni 1971

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Magari, Nyeri.

Mheshimiwa Bwana Salim,

Nakusalimu kwa heshima na kukuomba ukae chini kabla ya kusoma. Namshtaki fundi wako, Bwana Rashid, kwa kosa la kutengeneza gari letu likatengenezeka.

Mume wangu, Mwalimu Wamae, tulimzika mwezi wa Machi. Watu walikuja matangani na sukari, unga na kuni. Rashid, rafiki yake, alikuja na gasketi. Alifungua boneti, akatoa kifuniko cha juu cha injini, akabandua gasketi kuukuu iliyokauka kama ngozi ya mbuzi, akaweka mpya, akakaza boliti, akanawa mikono, akaenda zake. Tangu siku hiyo oili haijadondoka hata tone. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka tisa gari hilo lilidondosha oili kutoka barabara ya lami hadi mlangoni kwetu. Mgeni hatukumwelekeza, tulimwambia tu afuate matone. Jumapili iliyopita akina mama wa kanisa waliokuja kunifariji walipotea, wakamfariji jirani yangu Kingori, ambaye hajafiwa na mtu. Aliitikia sala zote, akala maandazi yote.

2. Kila jioni mume wangu aliweka karai chini ya injini, nami jikoni nikasikia: ti, ti, ti. Hapo nilijua amefika, na viatu vyake viko njiani kuchafua sakafu. Karai sijaliondoa. Kuku anatagia ndani yake. Mayai siyakatai, lakini yai halisemi ti.

3. Oili hiyo tulipaka bawaba za lango. Sasa lango linalia kuliko nilivyolia mimi matangani, na majirani wameanza kulinganisha.

4. Kila Jumamosi Kingori alisimama uani akasema, "Mama Gathoni, hii gari yenu inakojoa kama ng'ombe!" Mume wangu akamjibu, "Ng'ombe asiyekojoa ni mgonjwa, Kingori." Miaka tisa, maneno yale yale, na kila mara walicheka upya. Juzi Kingori alikuja, akainama, akachungulia chini ya gari, hakuona kitu, akavua kofia. Tulisimama pale wawili kama watu wanaozika mara ya pili.

5. Dada yangu Ngendo anaishi Wang'uru. Mume wangu alisema gari lenye kiu namna hii litakauka kabla ya Sagana, kwa hiyo hatukwenda kamwe. Sasa binti yangu Gathoni, mwenye leseni, ananiuliza kila asubuhi tunangoja nini. Rashid amenipokonya jibu.

Kwa hayo naomba gasketi kuukuu irudishwe mahali pake. Kama ameitupa, aitafute. Kama haipatikani, ile mpya ikatwe kidogo kwa wembe, upande wa kushoto, palipozoea. Nisiposikilizwa nitakwenda kwa D.C., na baada yake kwa askofu.

Msalimie mkeo Waridi, watoto, mafundi wote, na yule mbuzi wa gereji anayekula matambara. Msalimie na Rashid pia. Sina ugomvi naye isipokuwa huu.

Ni mimi, ninayengoja tone,
Wamucii, mjane wa Mwalimu Wamae

N.B. Barua hii naitia posta hapa Wang'uru. Tuliipeleka posta ya Nyeri kwa gari, tukakuta imefungwa. Gathoni akasema twende ya Karatina, na Karatina hatukusimama. Sagana tulifungua boneti kwa mazoea: pakavu kama biskuti! Nilicheka hata muuza samaki akaniletea kiti. Ngendo ametupikia sufuria nzima ya wali wa pishori, na amekataa turudi kabla ya Ijumaa. Tafadhali, mtu yeyote asiiguse gasketi hiyo. Ila Rashid akipita Skuta Jumamosi, adondoshe tone moja chini ya gari, kwa ajili ya Kingori.