Jokofu Zima

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo umechoka, nisipange mambo ya mbali. Nimepanga la karibu: kumng'oa shemeji humu ndani. Ni dada wa marehemu mke wangu. Alikuja kuniuguza bila mimi kumwita, sasa anatawala. Anaficha sukari. Anapunguza sauti ya redio habari zikiwa katikati. Anapiga pasi kila kitu, hata soksi. Nikilalamika ananiambia nisiwe na pupa, hata sanda yangu ataipiga pasi. Mwanangu naye ananung'unika kwamba umeme unaisha upesi. Nikashauri kwa upole kwamba mwizi apimwe. Amekubali.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa umeme ameleta plagi janja. Unaichomeka ukutani, unachomeka kifaa chako ndani yake, na simu inakuonyesha kifaa kimekula umeme kiasi gani. Ukitaka unakizima hukohuko kitandani. Fundi akaandika majina kwenye simu yangu: Pasi, Jokofu, Hita. Jokofu ni la shemeji, alilileta kutoka kwake. Dawa yangu ya sindano ya kisukari inakaa humo. Hita ni yangu, chumbani. Shemeji akamuuliza fundi kama hana plagi ya kupimia mdomo wa mzee. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Naye nimemtia alama.

Alhamisi, 6 Machi
Fedheha. Pasi inakula kidogo. Jokofu linaonja tu. Hita yangu inafakamia kama mgeni wa harusini. Mwanangu ataangalia keshokutwa. Basi nimebadilisha majina: hita yangu sasa inaitwa Pasi, na pasi inaitwa Hita. Nimefundisha lugha maisha yangu yote, leo ndiyo mara ya kwanza neno kunifanyia kazi. Naandika haya kwa sababu sitaki kufa na ujanja mzuri namna hii bila mtu kuujua.

Ijumaa, 7 Machi
Simu imejaa makosa. Imeandika “Jokofu zima.” Sawa: jokofu halina ubovu, na upatanisho wa kisarufi ni safi. Chini yake: “Pasi zima.” Nilikereka. Ni pasi nzima, wanafunzi wangu wavivu kuliko wote walilijua hilo. Nikaligusa neno nilisahihishe. Likageuka “Washa.” Pasi washa, upuuzi mtupu. Nikagusa na la jokofu nione kama nalo limeoza. Likageuka vilevile. Nikaitupa simu pembeni. Nimeshinda chini ya mablanketi, maana hita, sijui ina nini, ilipoa ghafla.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji alifungua jokofu akakuta maji yanatiririka na dawa ina joto kama chai. Akauliza nani amelizima. Nikamjibu kwamba simu yenyewe ilitangaza kuwa ni zima. Akanitazama sana, kisha akasema: shemeji, hiyo ni amri, si sifa. Akafunga kitenge, akaenda zahanati kuniombea dawa nyingine, kwa miguu ile yake iliyovimba.

Huku nyuma mwanangu akaangalia simu. Pasi ndiyo iliyokula kuliko vyote. Mkewe akasema alijua siku nyingi, ila yeye ni mkwe tu, angesema nini. Hapa ndipo ninapokiri: mdomo nilikuwa nao, na pumzi zilitosha. Nikanyamaza.

Shemeji aliporudi na dawa mkononi, aliambiwa akapumzike kwake kidogo. Alinidunga sindano kwanza, ndipo akaenda kukunja nguo zake.

Jumanne, 11 Machi
Sukari iko mezani. Redio inasema inavyotaka, na hakuna wa kubishana naye juu ya habari. Mkwe ananidunga huku akitazama dirishani. Mkono umevimba kama andazi. Hita yangu nimeiwasha tena, na umeme bado unaisha upesi. Mwanangu anakuna kichwa.

Nikampigia shemeji, nikamwambia arudi, nyumba imepooza. Akauliza kama nimemweleza kijana ukweli. Nikasema kifua kinabana. Akasema kwa kusema uongo hakibani, akakata simu.

Atarudi nikisema ukweli. Ni sentensi moja, na mwanangu yuko hapo sebuleni, namsikia akikohoa. Lakini kuna njia isiyochosha moyo. Mkwe akiondoka hapa, mwanangu atamwita shemeji mwenyewe, tena kwa magoti. Na mkwe hushinda mbele ya runinga.

Nimefungua simu. Kuanzia leo hita yangu inaitwa Runinga.