Laini Mbili na Mkwe Mmoja

Jumatatu, 12 Oktoba 2009. Kibomet, Kitale.

Nasike wangu amepita! Si kabisa, lakini karibu. Chuo kimoja cha Uswidi kinataka kumsomesha bure. Ila kwanza maprofesa wanataka kumwona na kumsikiliza kwa kompyuta, Ijumaa asubuhi. Alitaka kwenda Eldoret kwa rafiki yake, ati huko mtandao haukatiki. Nimekataa. Mama ana saiba yake, duka zima la intaneti, halafu mtoto akahojiwe kwa watu? Nimemwambia aje kutoka Naitiri anakofundisha, ahojiwe hapa. Nimealika akina mama wote wa kanisa. Kiti changu kizuri nimekiweka kando ya kompyuta, nionekane na mimi kidogo.

Shida ni laini yangu ya intaneti. Mvua ikifikiria tu kunyesha, imekufa. Ya jirani yangu Khadijo, mwenye saiba ng'ambo ya kichochoro, haifi. Haniambii siri yake, na mimi siulizi.

Jumanne, 13 Oktoba.

Nasike amefika, amekonda. Nimempikia kuku. Nikamwomba anieleze hiyo kazi aliyowaandikia Wazungu. Anasema intaneti si mtandao mmoja, ni mingi, kila mmoja na mwenyewe. Kila mwenyewe humwonyesha jirani njia moja tu ya kupitisha habari, ile anayoipenda yeye, hata kama anazijua nyingine. Kazi ya Nasike ni kufanya mitandao iombane njia. Hii yako imeharibika, nipe ile nyingine, tuelewane.

Niliishia darasa la saba lakini nimeelewa mara moja. Njia zaidi ya moja. Yaani laini mbili! Nikamwambia kesho ataona mamake ni nani.

Akasema sawa. "Lakini Mama, uulize hiyo ya pili inapitia wapi." Watoto waliosoma hupenda maswali.

Jumatano, 14 Oktoba.

Laini ya pili nimepata. Mkwe wangu Wekoye, bwana wa Nasimiyu kifungua mimba wangu, huunganishia watu intaneti kutoka Bungoma. Nani mwingine hapa Kibomet ana mkwe kama huyo? Amekuja na ngazi yake na kisahani cha kuweka juu ya paa. Mimi na mkwe, kama ilivyo kwetu, hatukai chumba kimoja wala hatuangaliani usoni. Kwa hivyo nikakaa stoo nyuma ya pazia, juu ya gunia la mahindi. Emmy, msichana anayenisaidia kazi, akawa anapeleka maneno na kuyarudisha.

Nikamtuma akaulize laini inapitia wapi. Hajafika mbali nikamwita. Mkwe ahojiwe kama mwizi wa kuku? Si ataenda kumwambia mamake kwamba simwamini? Nikabadilisha. Muulize kama ni nzuri. Emmy akarudi akisema ni nzuri sana, na ananisalimia. Sasa mtu anataka jibu gani lingine?

Alhamisi, 15 Oktoba.

Zote mbili zinawaka. Nimebandika karatasi nje, INTANETI NJIA MBILI. Khadijo ameisoma, akanipongeza. Wivu huo, naujua.

Nasike ameniuliza tena kama niliuliza. Nikamjibu kwamba mkwe ametoa neno lake. Baadaye akavuka kwenda kumsalimia Khadijo, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Salamu gani hizo?

Ijumaa, 16 Oktoba.

Radi imepiga alfajiri. Laini ya kwanza ikafa. Sikujali, si nina ya pili? Ya pili nayo ikafa. Zote! Na akina mama wa kanisa wameshakaa kwenye benchi, wamejifunga leso. Nasike aliniangalia tu. Afadhali angelia.

Emmy akampigia Wekoye, ambaye kwa bahati alikuwa na kazi hapa mjini. Kusikia pikipiki yake, nikakimbilia stoo. Nikamsikia akimweleza Nasike kwamba kampuni yake na ile ya kwanza zote hupitia mnara mmoja kule Webuye, na radi imeupiga huo huo. Kisha akasema polepole, "Shemeji, mngeuliza ningewaambia."

Nasike akaenda moja kwa moja kwa Khadijo. Kumbe jana alikuwa akiulizia njia! Laini ya Khadijo inatoka Eldoret. Khadijo alikubali hata kabla ya kuombwa, na sauti yake ikanifikia stoo.

"Mama Nasimiyu, kwani mdomo wa kuniomba uliuacha wapi? Mimi nimekaa hapa tu na njia yangu."

Wakavuta waya juu ya kichochoro, ukaingilia dirishani. Nasike akapanga mazungumzo yake peke yake yapitie kwa Khadijo, wateja wangoje. Lakini kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika, hakishiki. Wekoye ikabidi akishikilie kwa mkono, amesimama mlangoni pa stoo. Na mlango wa kutokea ni huo mmoja.

Basi mahojiano ya mtoto wangu nimeyasikia nikiwa juu ya mahindi. Akina mama waliuliza niko wapi. Emmy akasema nina kazi. Na kwenye kiti changu alikaa nani? Khadijo.

Kiingereza kilikuwa kirefu, lakini hiki nilikishika. Profesa mmoja aliuliza kama njia mbili zinaweza kufa pamoja na mwenyewe asijue kwa nini. Nasike akacheka. Akasema imetokea leo asubuhi, hapa hapa, na sasa anaongea kupitia kwa jirani, na jirani ni huyu. Emmy anasema maprofesa walimpungia mkono. Walimpungia Khadijo mkono, bana.

Jumanne, 27 Oktoba.

Amechukuliwa! Nimepiga vigelegele mpaka Khadijo akavuka kichochoro bila viatu. Nimelia, Nasike amelia, Khadijo ametushinda sote. Kwa kweli ni mtu mzuri.

Nasike anasema lile swali ndilo lililomvusha. Kwa hivyo, ukifikiria vizuri, laini zangu zisingekufa angejibu nini? Ni mimi niliyemvusha. Akina mama wa kanisa nimewaeleza hivyo hivyo.

Nasike amenisihi ule waya ubaki, ili Eldoret ikikatika Khadijo naye apitie kwangu. Nimeukunja, nikamrudishia Khadijo pamoja na ndizi na shukrani nyingi. Watu wasije wakasema naomba intaneti kwa jirani.

Badala yake nimeagiza laini ya tatu. Makokha, ndugu yake Wekoye, amefungua kampuni yake mwenyewe huko Webuye. Nasike ameniuliza inapitia wapi. Sijui, na siwezi kuuliza. Huyo pia ni mkwe.

Njia tatu! Khadijo ana moja tu.